Walioishi kwa Nyimbo za Wengine: Wapiga Kopi wa Karagwe na Kyerwa, Tangu Enzi za Rumanyika

Kila mji una huyo mtu. Ukitua Kayanga, Omurushaka, Nkwenda, Isingiro au kule Murongo mpakani siku ya harusi, utamkuta. Maiki mkononi, shati limelowa jasho, anaimba wimbo ambao si wake kwa sauti ambayo ukifumba macho utaapa mwenye wimbo yupo ukumbini. Watu wanacheza, mashangazi wanamtunza noti, watoto wanamrekodi kwa simu. Kesho yake uliza nani aliimba jana. Utaambiwa, "Si yule jamaa anayeimba kama fulani!" Basi, imeisha. Fulani ana jina, jamaa hana.

Mtaani anaitwa mpiga kopi, na neno lenyewe halina heshima. Mtu akisema "huyo anakopi tu", maana yake hana kipaji, anabebwa na jasho la mwenzake. Wengine siku hizi wanasema "anamuenzi" msanii fulani, inasikika vizuri zaidi, ila mkwanja ni ule ule na jina bado halipo.

Sasa kinachosahaulika ni hiki: kazi hii kwenye ardhi ya Karagwe na Kyerwa ni ya zamani kuliko redio, kuliko gitaa, kuliko hata mipaka ya Tanzania. Na tangu mwanzo tatizo lake limekuwa moja tu. Wimbo unabaki, aliyeubeba anapotea.

MBWA ANA JINA, MWIMBAJI HANA

Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliingia Karagwe wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Aliyekuwa akitawala ni Omukama Rumanyika wa ukoo wa Wahinda, makao makuu yakiwa Bweranyange. Kipindi hicho hakukuwa na habari za wilaya. Kyerwa yenyewe imekatwa kutoka Karagwe juzi tu, mwaka 2012. Ilikuwa dola moja ya Wanyambo, yenye ng'ombe, migomba, mafundi wa chuma na muziki wake.

Januari 1862 Speke akaondoka kwenda Buganda. Grant akabaki kwa sababu mguu ulikuwa umemharibikia, kutembea hawezi. Akakaa Karagwe hadi Aprili. Mtu akikaa kitako miezi yote hiyo, hana pa kwenda, mwisho wa siku anaanza kusikiliza watu. Ndiyo maana kitabu chake kilichotoka 1864 kina kitu ambacho vitabu vingi vya wapelelezi wa wakati ule havina: kina wanamuziki.

Anaieleza enanga vizuri kabisa. Mti mzito mweusi umechongwa kama sinia refu, uzi mmoja umepitishwa juu yake mara saba au nane, mwisho huku na mwisho kule. Wakati mwingine kibuyu kinafungwa nyuma ili sauti ijae. Moja ya enanga alizozisikia, nota sita kati ya saba zilikuwa zimekaa sawasawa kwenye ngazi ya muziki aliyoizoea yeye. Yaani mtu wa Uskoti aliyekuja na dharau zake za wakati ule alikaa chini akakiri kwamba hawa watu wanajua kutyuni.

Grant akaomba aletewe mpigaji mzuri. Ndugu yake Rumanyika, ambaye kitabu kinamwandika M'nanagee, akamtuma yule aliyemjua kuwa bora kuliko wote. Jamaa akaingia kibandani bila hodi, amevaa kama Mnyambo yeyote. Akaegemeza mkuki wake, akatoa enanga kwapani, akakaa mkekani na kugeuza uso pembeni. Akaanza kuimba.

Angalia alivyoipanga shoo. Kwanza aliimba jinsi alivyotumwa kwa huyu mgeni, yaani kipande kinachohusu siku hiyo hiyo na watu waliokaa pale. Kisha akaingia kwenye wimbo wa mbwa mmoja kipenzi aliyeitwa Keeromba, kwa tahajia ya Grant. Watu wakajaa. Wimbo wa mbwa ukarudiwa na kurudiwa. Na Grant anaandika kwamba kwa siku kadhaa baadaye wale waliosikia walikuwa wanauimba wenyewe.

Hapo tulia kidogo. Wale watu waliokuwa wanapita njiani wakiimba wimbo wa Keeromba baada ya mwenyewe kuondoka ndio wapiga kopi wa mwanzo kabisa wa Karagwe walioingia kwenye maandishi. Huo ulikuwa wimbo uliosumbua mjini, mwaka 1862, bila redio wala bando.

Na sasa jambo lenyewe. Kitabu kinataja jina la mbwa. Kinamtaja mwana wa mfalme aliyemtuma mwimbaji. Mwimbaji mwenyewe, yule "bora kuliko wote", jina lake halimo. Ana mkuki, ana mkeka, ana enanga, ana mashabiki. Jina hana.

Kuna mpigaji mwingine kwenye kitabu hicho hicho, bibi kizee. Huyo abaki kiporo kwanza, atarudi.

ANAYEJITAJA NA ANAYEMTAJA MWENZAKE

Muziki wa Karagwe ya Rumanyika haukuwa kitu cha kupotezea muda, ulikuwa kazi ya dola. Speke anasimulia sherehe ya mwezi mwandamo pale kwa Omukama: ngoma 35 zimepangwa chini, kila moja na mpigaji wake nyuma, zinalia kwa pamoja. Baadaye wakubwa wa nchi wanatoka mmoja mmoja, wanakimbilia mbele ya mfalme na kuapa utii wao kwa vitendo na maneno.

Kwa aliyekulia Kagera picha hiyo haina ugeni. Inafanana na kwebuga, yale majigambo yanayosemwa mbele ya mkubwa au mbele ya wakwe, mtu ameshika mkuki au fimbo, anajitaja yeye ni nani, mtoto wa nani, amefanya nini. Ebyebugo mpaka leo vinasikika kwenye sherehe, hata kama anayevisema ni karani wa halmashauri aliyevaa suti.

Ukiweka hizo sanaa mbili pamoja unaona kitu. Kwenye kwebuga, mtu anajitaja. Kwenye enanga, mtu anamtaja mwingine: shujaa, mfalme, mzimu wa ziwa, hata mbwa. Mmoja anatangaza jina lake, mwenzake analipa jina la mtu mwingine pumzi yake. Mpiga kopi wa leo ni mjukuu wa huyo wa pili.

Na huyo wa pili hakuwa mtu mdogo. Kwa majirani Wahaya, ambao lugha yao na Kinyambo ni kama ndugu wa tumbo moja, enanga ni jina la ala na pia ni jina la utendi unaoimbwa kwa ala hiyo. Profesa Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifanya utafiti mkubwa juu ya manju hao na kuandika tasnifu yake mwaka 1986. Kuna tendi za Rukiza, za Kachwenyanja, za Mugasha. Manju anajifunza kwa manju aliyemtangulia, anaikuta hadithi imeshaimbwa na wengi. Lakini hairudishi kama kasuku. Kila anapoimba anaitunga upya kulingana na ukumbi, watu waliokaa na pombe iliyopo. Hadithi ni ile ile, maneno yanabadilika.

Kwa hiyo swali la "original ni ya nani?" ambalo watu wanapigania mitandaoni leo, kwa manju wa enanga lingekuwa swali la ajabu. Rukiza hakuwa na mwenyewe mmoja. Kilichokuwa na mwenyewe ni ule usiku, ule uimbaji, kile kicheko alichokipata manju pale pale. Alilipwa kwa hicho. Ng'ombe, ardhi, rubisi, heshima ya kukaa karibu na mkubwa, kutegemea na mkono wa mkubwa mwenyewe.

Halafu mkubwa akaondoka. Baada ya uhuru serikali ya Tanganyika ilifuta utawala wa machifu, na kufikia 1963 hakukuwa tena na ikulu ya Mukama ya kumtunza mpiga ngoma. Waliobaki na sanaa yao wakahamia kule watu waliko: kwenye harusi, kwenye vilabu vya pombe, kwenye mikutano ya hadhara. Mteja alibadilika kutoka mfalme mmoja kuwa watu hamsini waliokaa kwenye benchi. Na watu hamsini wana tabia moja, wanataka wimbo wanaoujua.

SANTURI ILIPOFIKA

Wakati huo nchi nzima ilikuwa imeshajifunza kukopi kwa njia mpya. Kuanzia 1933 kampuni ya HMV ilianza kuleta Afrika santuri za G.V., nyingi zikiwa za muziki wa Kyuba. Vijana wa Dar, Tanga na Morogoro, na wenzao wa Kongo, walizipiga mpaka sindano ikachoka. Wakaimba Kihispania wasichokielewa. Ukitafuta dhambi ya kukopi kwenye muziki wa dansi, imeanzia hapo, na bila hiyo dhambi dansi lenyewe lisingekuwepo.

Mfano uko wazi kwenye jina. Salum Abdallah wa Morogoro bendi yake aliiita Cuban Marimba. Hakuficha alikotoa. Alichukua mdundo wa watu wa mbali, akautilia Kiswahili chake, na kwenye miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 hakuna aliyesema "huyu anakopi Kyuba". Walisema "huyu ni Salum Abdallah". Alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, bendi ikaendelea chini ya Juma Kilaza. Aliyekuwa ameiga, naye akawa wa kuenziwa.

Upande wa visiwani kuna somo kubwa zaidi. Siti binti Saad, aliyezaliwa 1880 kijijini Fumba, alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri na HMV. Alifariki 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu wake. Kati ya waliokua wakimsikiliza ni msichana aliyeitwa Fatuma binti Baraka. Huyo ndiye dunia ilikuja kumjua kama Bi Kidude. Sehemu kubwa ya kile alichokuwa akiimba jukwaani kilikuwa ni urithi wa Siti. Alizibeba nyimbo hizo zaidi ya nusu karne baada ya mwenyewe kuzikwa, akapewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, na alipofariki Aprili 2013 hakuna aliyemwita mpiga kopi.

Kwa nini? Kwa sababu Bi Kidude hakuiga sauti ya Siti. Alikuwa na sauti yake nzito, ngoma yake ya unyago, sigara yake, maneno yake. Alichukua wimbo, hakuchukua mtu. Na kila mara alimtaja Siti waziwazi kuwa ndiye chimbuko. Hayo mawili, kumtaja mwenzio na kubaki wewe, ndiyo yaliyomjengea maisha.

MARIA SALOME NA WATOTO WAKE WASIO NA MAJINA

Rudi Kagera. Mwaka 2001 binti wa Bukoba Vijijini, Saida Karoli, alitoka na albamu iliyokuwa na wimbo wa "Maria Salome", ambao nchi nzima iliuita "Chambua Kama Karanga". Aliimba kwa Kihaya, ngoma za kwao zikiwa mbele. Watu wa Mtwara na Kigoma wasiojua neno moja la Kihaya waliuimba mwanzo mwisho. Kwa mkoa uliozoea kuonekana pembezoni, ule wimbo ulikuwa cheti cha kuzaliwa.

Miaka 15 baadaye, mwaka 2016, Diamond Platnumz akiwa na Rayvanny alitoa "Salome", wimbo uliojengwa juu ya ule wa Saida. Kizazi ambacho 2001 kilikuwa kinanyonya kikaujua kupitia huko. Saida mwenyewe, ambaye alikuwa amepotea masikioni, akarudi midomoni mwa watu na mwaka 2017 akatoa "Orugambo".

Ni hadithi tamu na inasimuliwa sana. Lakini ina shimo katikati. Kati ya 2001 na 2016, nani aliuweka wimbo ule hai? Kwenye harusi za Karagwe na Kyerwa, kwenye send-off, kwenye sherehe za kipaimara, nani aliyekuwa anaimba "Maria Salome" wakati Saida hayupo na Diamond hajaja? Ni wale jamaa na dada wa kila mji. Wapiga kinanda wa harusi. Washereheshaji wenye sauti. Mabinti wa vikundi vya ngoma waliovaa vitenge sare na kufunga mashuka viunoni. Wimbo uliruka kutoka nyota mmoja kwenda nyota mwingine, ila daraja lilikuwa la watu wasioandikwa popote. Wimbo wa Keeromba tena, ila safari hii una spika.

Na eneo lenyewe linamfanya mpiga kopi wa huku awe na kazi ngumu kuliko wa Dar. Kyerwa inapakana na Uganda na Rwanda. Ukivuka daraja la Murongo uko Kikagati, upande wa pili wa Mto Kagera. Kinyambo, Kihaya na Kinyankore zinasikilizana bila mkalimani. Kwa hiyo ukumbi mmoja wa Kaisho au Nkwenda unaweza kutaka wimbo wa Kihaya kwa ajili ya wazee, wa Kiganda kwa ajili ya wafanyabiashara waliotoka Uganda, Bongo Fleva kwa ajili ya vijana, na injili kwa sababu mchungaji amekaa meza ya mbele. Msanii mkubwa anaimba nyimbo zake kumi anashuka. Mpiga kopi anatakiwa awe na watu kumi ndani ya koo moja.

Uganda nayo ilishamfundisha mengi. Kule kuna utamaduni wa karioki, vikundi vya vijana vinavyovaa, kucheza na kufungua midomo juu ya nyimbo za wengine kwenye baa. Kundi la Obsessions la Kampala lilianzia kwenye njia hiyo, kucheza na kuigiza, kabla ya kuwa na nyimbo zake. Kwa Bongo mlango unaofanana ni Bongo Star Search. Unaingia na nyimbo za watu, majaji wanakupima nazo, na ukiwa na bahati unatoka na jina lako. Walter Chilambo alishinda 2012 kwa mtindo huo, leo watu wanamjua kwa nyimbo zake za injili. Kopi ilikuwa ngazi, hakukaa juu ya ngazi.

KAZI YENYEWE INAVYOKWENDA

Ukiwatazama wanaodumu kwenye hii kazi huku mikoani, njia yao inafanana. Wengi wanaanzia kwaya ya kanisani, ambako mtu anajifunza kushika sauti yake wakati watu wa pembeni wanaimba sauti nyingine. Kisha harusi ya jirani, bure, kwa sahani ya wali na soda. Kisha mshereheshaji mmoja anamzoea na kumbeba kila anapopata shughuli. Baadaye anakuwa na flashi yake ya biti, spika ya kukodi, na namba ya simu imeandikwa nyuma ya kadi ya mtu mwingine.

Malipo yana sehemu mbili. Kuna ya makubaliano, ambayo mara nyingi inakatwa kwa sababu kamati ya harusi imeishiwa. Na kuna ya kutunzwa, noti zinazobandikwa kwenye paji la uso au kutupwa miguuni. Hii ya pili ndiyo inayomlisha, na ndiyo inayomfundisha ujanja ule ule wa yule jamaa wa 1862: anza na watu waliokaa mbele yako. Mtaje bibi harusi, mtaje baba mkwe, taja kijiji chao, ndipo uingie kwenye wimbo mkubwa. Hakuna baba mkwe anayesikia jina lake kwenye spika akabaki na mkono mfukoni.

Msimu nao una sheria zake. Karagwe na Kyerwa ni nchi ya kahawa, na hela ya kahawa ndiyo inayoamua nani anaoa lini. Kahawa ikilipa, mpiga kopi ana Jumamosi nne zimejaa. Kahawa ikikwama kwenye chama cha msingi, harusi zinasogezwa mbele na yeye anarudi kupiga boda au kupalilia migomba.

Halafu kuna sheria ya serikali, ambayo wengi wanaiogopa bila kuijua. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979, kwa hiyo tungo zake bado zina ulinzi mpaka mwisho wa 2029. Kuziimba hadharani kibiashara kunahitaji ruhusa. Ukiurekodi upya wimbo wa mtu na kuuweka mtandaoni kama wako, hiyo siyo kuenzi, hiyo ni kesi.

Ila sheria hiyo hiyo ina upande wa pili ambao mpiga kopi hasomewi. Neno "hakishiriki" linamhusu yeye. Wimbo si wake, lakini uimbaji wake ni wake. Mtu hana ruhusa ya kumrekodi akiimba na kwenda kuuza rekodi hiyo bila idhini yake. Ni wazo ambalo manju wa enanga angelielewa mara moja: Rukiza ni wa wote, usiku huu ni wangu.

Hatari kubwa ya kazi hii siyo sheria, ni kuzama. Mtu akiitwa kwa jina la msanii mwingine miaka kumi, anaanza kuitika. Anavaa kama yeye, anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye. Msanii mwenyewe akichuja, naye anachuja. Msanii akibadili dini akaanza kuimba injili, jamaa wa Kayanga amekosa kazi kwa kosa ambalo si lake. Kisha anakuja kijana mwingine anayemuiga nyota wa mwaka huu, na yule wa zamani anabaki kuwa hadithi ya "kulikuwa na jamaa mmoja hapa".

BIBI KIZEE ALIYEJITAJA

Sasa yule bibi. Kwenye kitabu cha Grant, baada ya yule jamaa bora kuliko wote, anakuja mwanamke mzee kupiga enanga. Alipiga akiwa amesimama mbele ya mgeni. Kwa maelezo ya Grant sauti iliyotoka ilikuwa "sh, sh" tu, mdomo ukipindwa, mwili ukizungushwa, miguu ikinyanyuliwa. Grant hakumwelewa kabisa. Aliona ni kituko, na hakuomba arudie. Kwa lugha ya leo, bibi alipigwa chini na jaji.

Lakini jina lake limo. Grant ameliandika Keeleeanyagga, kwa masikio yake ya Kiskoti, na anasema wazi ni jina alilojitaja mwenyewe. Bibi aliingia mbele ya mzungu, akasema yeye ni nani, kisha ndiyo akapiga. Hakusubiri mwana wa mfalme amtambulishe. Hakusubiri kupendwa.

Zaidi ya miaka 160 imepita. Aliyesifiwa, aliyejaza watu, ambaye wimbo wake uliimbwa njiani siku kadhaa, hatuna cha kumwita. Aliyechekwa tunamwita Keeleeanyagga.

Kwa vijana wanaojenga maisha kwa kuimba nyimbo za wengine huko Karagwe na Kyerwa, historia haina ushauri wa bei rahisi zaidi ya huo. Imba wimbo wa mtu, mtaje mtunzi wake kwa heshima, lipa kinachotakiwa kulipwa. Weka Kinyambo chako humo ndani, weka kijiji chako. Na kabla biti halijaanza, shika maiki ujitaje: jina, mtoto wa nani, wa wapi. Mababu walishaitengenezea hiyo shughuli jina lake, ni kwebuga, na hailipiwi kibali.

Na wewe unayeshika simu kumrekodi, ukiipandisha hiyo klipu usiandike "jamaa anaimba kama fulani". Muulize anaitwa nani.